Umbali wa Morita

Mwezi Machi, ukitoka Singida mjini kuelekea Iramba, alizeti huwa zimechanua kandokando ya barabara. Wengi hupiga picha shamba zima, njano mpaka kwenye miamba. Mimi hushuka garini kwa ajili ya ua moja.

Na hilo moja ni kusanyiko la vijiua mamia, vinavyofunguka duru kwa duru, kutoka ukingoni kwenda katikati. Vya nje vimeshatoa ncha mbili zilizojikunja kama pembe za kondoo dume. Vinavyofuata vimejaa chavua. Vya katikati bado vimefumba. Yote hayo yamo katika upana wa vidole vichache.

Hapo ndipo lenzi ya makro inapohitajika. Humchukua nyuki wa milimita 14 ikamweka kwenye kihisi cha kamera akiwa na milimita 14 zilezile. Ya milimita 50, ya 100, ya 180, zote zaweza kumfikisha hapo. Kinachozitenganisha ni umbali, na ukienda kununua, uliza hilo kwanza.

Nilianza na lenzi ya kawaida ya milimita 50, nikaiongezea bomba tupu lisilo na kioo kati yake na kamera. Ni njia rahisi, na picha hutoka safi. Anayeanza aanze hivyo. Ila kufikia ukubwa halisi, lenzi ilibaki vidole vinne tu kutoka kwenye ua. Alizeti changa hufuata jua, lakini iliyokomaa hutulia ikitazama mashariki. Alfajiri ikishapita, kabla upepo wa Singida haujaamka, jua lilikuwa mgongoni kwangu, kivuli cha lenzi kikatua juu ya ua, nyuki akaondoka.

Lenzi ya 100 huniacha umbali wa morita hivi. Morita hiyo ndiyo mlango wa mwanga: unapenya ubavuni, nyuki anaendelea na kazi yake. Ya 180 huniweka mbali zaidi, lakini ni nzito, na shambani mtikisiko kidogo tu unaharibu picha.

Kamera yenyewe? Ya kihisi kidogo inatosha kabisa. Ninachokidai ni kioo kinachokunjuka, maana alizeti ikianza kujaza mbegu huinamisha kichwa, nawe huna budi kuitazama kutoka chini.

Naupenda ufundi huu kwa kuwa unaudai mwili mzima. Kwa ukubwa halisi, hata ukilibana tundu la lenzi hadi f/11, kinachoonekana vizuri ni kina cha milimita moja tu na kidogo. Mkono hauzungushi kitu tena. Unapiga goti, unabana pumzi, unasogea mbele kiasi cha unywele. Asubuhi moja nilisogea hivyo, nikamkuta nyuki mgongo umejaa punje za chavua, na ncha mbili zilizojikunja zikimgusa tumboni.