Sheria na Mapenzi katika Mji wa Kesho: Tahakiki ya Mfululizo wa In Death wa J.D. Robb

Utangulizi

Fasihi pendwa imezoea kuhukumiwa kabla ya kusomwa. Riwaya ya upelelezi hushtakiwa kuwa ni fumbo lisilo na mtu ndani yake. Riwaya ya mahaba, kuwa ni ndoto isiyo na jamii. Na riwaya ya wakati ujao, kuwa ni mashine zisizo na roho. Mfululizo wa In Death, unaoandikwa na Mmarekani Nora Roberts kwa jina la kalamu la J.D. Robb, unajiweka katika hatari ya kushtakiwa mara tatu, kwani unazipika tanzu hizo zote katika chungu kimoja. Riwaya ya kwanza, Naked in Death, ilichapishwa mwaka wa 1995. Tangu hapo zimetoka nyingine zaidi ya hamsini, zote zikimfuata Luteni Eve Dallas, mpelelezi wa mauaji katika jiji la New York, kuanzia mwaka wa kubuni wa 2058.

Makala haya yanadai kwamba mchanganyiko huo si hila ya soko peke yake. Upelelezi na mahaba katika mfululizo huu vinalichunguza swali moja: je, mtu aliyetupwa na sheria akiwa mtoto anaweza kuitumikia sheria hiyo kwa haki, na anaweza kupendwa na mtu aliyeivunja? Aidha, makala yanadai kwamba jibu linalotolewa lina ufa. Pale mapenzi yanapogongana na sheria, mfululizo huu ni imara. Pale mapenzi yanapoigharamia sheria, unanyamaza.

Wakati Ujao kama Jaribio la Kisheria

Darko Suvin, katika Metamorphoses of Science Fiction (1979), anaieleza bunilizi ya kisayansi kuwa ni fasihi inayoingiza jambo jipya katika ulimwengu wake ili mambo tuliyoyazoea yaonekane mageni na kwa hiyo yachunguzike. Isaac Asimov naye alikwisha kuonyesha katika The Caves of Steel (1954) kwamba fumbo la mauaji linaweza kusimama katika ulimwengu wa roboti, mradi msomaji aelezwe mapema kanuni zinazoutawala ulimwengu huo. Kwa vigezo hivi viwili, mashine za Robb hazina uzito mkubwa. Jikoni kuna mtambo unaopika wenyewe, barabarani kuna magari yanayopaa, na polisi wana kitengo maalumu cha upelelezi wa kielektroniki kinachoongozwa na Kapteni Feeney. Hayo ni mapambo ya jukwaa.

Jambo jipya lenye uzito limo katika sheria. Katika New York ya 2058, iliyojengwa upya baada ya vita vya mijini, ukahaba umehalalishwa na wanaoufanya ni wandani wenye leseni ya serikali. Umiliki wa bunduki umepigwa marufuku, na silaha za karne ya ishirini zimebaki kuwa vitu vya kale vinavyokusanywa na matajiri. Mwandishi ameondoa sababu mbili ambazo mara nyingi hutajwa kuwa chanzo cha uhalifu mijini, kisha anauliza: je, mauaji yatakoma?

Jibu la Naked in Death ni la kutisha kwa sababu ni la nyumbani. Sharon DeBlass, mwandani mwenye leseni, anauawa kwa bastola ya kale. Upelelezi unapita kwa wateja wake na kwa wakusanyaji wa silaha, na hatimaye unaishia kwa babu yake mwenyewe, seneta anayejipambanua kuwa mtetezi wa maadili ya jadi, ambaye alikuwa amemnajisi mjukuu huyo tangu utotoni. Sheria mpya imesafisha barabara, lakini haikuvuka kizingiti cha nyumba. Hapa ndipo wakati ujao unapofanya kazi yake ya kifasihi: unamwondolea msomaji visingizio. Hawezi kulaumu bunduki iliyozagaa wala ukahaba uliojificha. Anabaki na jamaa aliyeheshimika, na mtoto ambaye hakuna aliyemsikiliza.

Mpelelezi na Fumbo la Nafsi

Tzvetan Todorov anaeleza kwamba riwaya ya upelelezi hubeba hadithi mbili: hadithi ya uhalifu, ambayo imekwisha na haionekani, na hadithi ya upelelezi, ambayo inaonekana na kazi yake ni kuifufua ya kwanza. Mchango wa Robb ni kuongeza hadithi ya tatu, nayo ni uhalifu aliotendewa mpelelezi mwenyewe. Eve aliokotwa katika kichochoro cha mji wa Dallas akiwa na umri wa miaka minane, mkono umevunjika, hajui jina lake. Jina la ukoo alilopewa ni la mji alikookotwa. Kumbukumbu inapomrudia kupitia majinamizi, anagundua kwamba baba yake alikuwa akimnajisi, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemuua kwa mikono yake midogo.

Muundo huu unabadilisha maana ya utaratibu wa kipolisi. Katika riwaya nyingi za aina hii, taratibu za kazi, yaani ripoti, vibali na mahojiano, huwa ni viungo vya kuleta ladha ya uhalisia. Kwa Eve taratibu hizo ni ukuta unaoizuia nafsi isiporomoke. Naked in Death inaanza akiwa ametoka kumuua mwanamume aliyemuua mtoto wake mdogo, naye alichelewa kumwokoa mtoto huyo. Kanuni inamtaka apimwe kisaikolojia kila anapoua, naye anauogopa upimaji huo kuliko anavyomwogopa muuaji. Katika Conspiracy in Death (1999) anaposimamishwa kazi na kunyang'anywa beji, anavunjika kabisa. Mtu aliyepewa jina na dola hana hakika kama anaishi pale dola inapomkana. Fumbo la nje hufumbuliwa kila riwaya. Fumbo la ndani linaendelea, na hilo ndilo linalohalalisha mfululizo kuwa mrefu namna hii.

Mapenzi kama Upelelezi wa Pili

Roarke, mpenzi wa Eve, anaingia katika riwaya ya kwanza akiwa mshukiwa. Ni tajiri mkubwa mwenye asili ya Dublin, aliyelelewa kwa kipigo na baba mhalifu, na aliyepata mtaji wake wa kwanza kwa wizi na magendo. Kwa hiyo uchumba wao unaanza kwa mahojiano: Eve anapomuuliza maswali kuhusu bunduki zake za kale, anauliza pia, bila kukusudia, kama mtu huyu anaweza kuaminiwa. Kidokezi cha kesi ni kidokezi cha moyo pia. Tanzu mbili hazipokezani zamu. Zinatumia ushahidi mmoja.

Janice Radway, katika utafiti wake wa mwaka wa 1984 juu ya wanawake wasomaji wa riwaya za mahaba, alibaini kwamba walichokithamini zaidi ni shujaa mwanamume ajuaye kumtunza mwanamke. Roarke anatimiza matarajio hayo: anamlisha Eve, anamlazimisha kulala, anakesha naye anapoota ndoto mbaya. Hata hivyo Robb anakiuka kanuni moja kuu ya utanzu. Ndoa, ambayo kwa kawaida ndiyo mwisho wa riwaya ya mahaba, inafungwa mwishoni mwa riwaya ya tatu, Immortal in Death (1996). Kutoka hapo msisimko hauwezi tena kutegemea swali la kama wawili hao wataungana. Swali linakuwa gumu zaidi: watakaaje pamoja mtu anayeamini sheria na mtu aliyeokoka kwa kuivunja?

Riwaya mbili zinalidhihirisha hilo. Katika Vengeance in Death (1997), Eve anagundua kwamba zamani Roarke aliwaua wanaume waliomtesa na kumuua Marlena, binti wa Summerset, mtu aliyemlea. Mpelelezi wa mauaji analala karibu na muuaji, na anachagua kukaa kimya. Katika Divided in Death (2004), mambo yanageuka. Wawili hao wanafahamu kwamba maafisa wa shirika la usalama la serikali walikuwa wakimpeleleza baba yake Eve huko Dallas, walijua mateso ya mtoto yule, na waliyaacha yaendelee. Roarke anataka kulipiza kisasi kwa mkono wake. Eve, aliyeonewa, ndiye anayekataa. Roarke anajizuia kwa ajili yake, si kwa sababu ameshawishika kwamba sheria ina haki. Hiki ndicho kilele cha mfululizo kifikra. Dola ilikuwa na masikio ndani ya chumba kile, na bado mtoto hakuokolewa. Mwandishi hampi msomaji faraja ya kwamba sheria ilistahili uaminifu wa Eve; anampa ugumu wa kuona kwamba Eve anaishika sheria hata hivyo, maana bila hiyo angebaki na kisu tu.

Mali Isiyohojiwa

Kama Robb angelishikilia swali hilo popote, mfululizo huu ungekuwa na nafasi ya juu zaidi. Lakini upo upande ambao swali haliulizwi. Roarke anamiliki majengo, hoteli, viwanda, na hata biashara nje ya dunia. Upelelezi unapokwama kwa ukosefu wa vifaa, kuna mitambo yake ya siri. Unapohitaji usafiri, kuna ndege yake. Unapohitaji siri za fedha za mshukiwa, kuna vidole vyake mahiri vinavyovunja hifadhi za data. Mkono wa sheria unarefushwa na mfuko wa tajiri, na kwa kuwa tajiri huyo anapendwa, urefu huo unasomwa kama zawadi.

Mfano mdogo unatosha. Katika ulimwengu huu kahawa halisi ni adimu, na mshahara wa luteni hauwezi kuinunua. Roarke anampelekea Eve kahawa hiyo wakati wa uchumba, na inakuwa ishara ya kudumu ya mapenzi yao. Kwa mpenzi wa riwaya za mahaba, ishara hiyo ni tamu. Kwa msomaji wa Nyeri au Kisii, ambako kahawa ni kazi ya mikono kabla ya kuwa harufu ya asubuhi, ishara hiyo inaacha pengo: mkulima wake yuko wapi? Mahaba yameigeuza bidhaa kuwa hisia, na hisia haina mlolongo wa wafanyakazi nyuma yake. Conspiracy in Death yenyewe inazungumzia watu wasio na makazi wanaoibiwa viungo vya mwili na madaktari mashuhuri. Ni uhakiki mkali wa tabaka. Lakini shutuma inaishia kwa matajiri waovu. Tajiri mwema halipi gharama yoyote ya kifikra kwa utajiri wake.

Mwangwi katika Riwaya ya Kiswahili

Ulinganisho na riwaya ya Kiswahili unasaidia kuuona upekee wa Robb. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, tangu Mzimu wa Watu wa Kale (1960), ni mtu wa akili na kiko. Fumbo humgusa bongo, si jeraha. Willy Gamba wa Elvis Musiba ni mtumishi wa taifa ambaye mapenzi kwake ni pumziko kati ya hatari mbili. Wote wawili wanaingia katika kesi wakiwa watu kamili na wanatoka walivyoingia. Eve anaingia akiwa na ufa, na kila maiti anayeisimamia inaugusa ufa huo. Hili halimfanyi Robb kuwa bora kuliko watangulizi wetu, waliokuwa na shughuli nyingine: Abdulla alipambana na ushirikina kwa mantiki, naye Musiba aliandika katika kivuli cha harakati za ukombozi wa Kusini mwa Afrika. Linaonyesha tu kwamba nafasi ya mpelelezi aliyejeruhiwa, hasa mwanamke, iko wazi kwa mwandishi wa Kiswahili atakayeitaka.

Hitimisho

Mfululizo wa In Death unathibitisha kwamba upelelezi na mahaba vinaweza kuoana bila kimoja kuwa mtumwa wa kingine, pale vyote viwili vinapouliza ni nani wa kuaminiwa. Unathibitisha pia kwamba ndoa hiyo ina mahari yake. Mapenzi ya Eve na Roarke yanaihoji sheria kwa ujasiri, hayaihoji mali. Msomaji mhakiki anaweza kuupokea ujasiri huo kwa shukrani, kisha akalishika mwenyewe swali lililoachwa: mji wa kesho ambao mtoto wa kichochoroni anapata haki, na mkulima wa kahawa hatajwi, umejengwa kwa ajili ya nani?