Msimulizi Hana Safu Yake

Mtu wa mwambao akianza kupanga muvi zake kwenye kompyuta, haupiti muda atauliza jina la msimulizi liandikwe wapi. Pa mwongozaji papo, pa waigizaji papo, pa studio na mwaka pia papo. Pa Lufufu hapapo. Na kuna miaka ambayo watu wengi waliingia laibrari ya muvi wakamtaja Lufufu kwanza, jina la filamu baadaye. Huyu ni Derek Mukandala, aliyezichukua filamu za nje akazipandishia sauti yake, akitafsiri, akifafanua, na akichomekea maneno yake pale alipoona pamepoa. Kenya wana DJ Afro katika kazi hiyohiyo. Mtafiti wa Kijerumani Matthias Krings ameandika makala nzima kuhusu filamu ya Kinaijeria, Karishika, ilivyosimuliwa upya na msimulizi wa Kitanzania.

Kwa hiyo ombi la kuongezewa safu ya msimulizi ni la haki. Lakini programu ikilitimiza kama lilivyosemwa, itakuwa imefanya kosa. Programu ninayoichambua hapa ni Kodi, kwa sababu ni ya bure, inakubali kompyuta kuukuu, na ilipata kukutana na ombi la aina hii ikalitatua vizuri kuliko nilivyotarajia.

Kodi ilianza mwaka 2002 ikiitwa Xbox Media Player, ikawa XBMC, na mwaka 2014 ikapewa jina la sasa. Wanaoiandika ni watu wa kujitolea. Hapo msomaji aelewe jambo moja: ombi likikaa miaka bila kujibiwa si dharau. Hakuna aliyelipwa kulishughulikia, na zuri lisilo na mtu wa kuliandika linabaki zuri tu.

Hadi Kodi 20, jedwali la filamu ndani ya hifadhidata liliifunga kila filamu kwa faili moja. Ukiwa na Karishika ya asili na Karishika ya Kiswahili, unazo filamu mbili kwenye orodha, zenye bango lilelile, mwaka uleule na waigizaji walewale, na huwezi kujua ipi ni ipi mpaka uifungue. Watu wa kwingine walikuwa na kero hiyohiyo kwa sura nyingine. Mmoja ana filamu iliyotoka kwenye sinema na ileile iliyorefushwa na mwongozaji. Mwingine ana nakala ya picha kali kwa televisheni ya sebuleni na nyepesi kwa simu. Kila mmoja aliomba chake, kwa maneno yake.

Kodi 21, iliyotoka Aprili 2024, haikumpa yeyote kati yao safu aliyoitaka. Iliweka jedwali jipya katikati: faili inaelekeza kwenye toleo, toleo linaelekeza kwenye filamu. Filamu inabaki moja, faili zinaweza kuwa nyingi, na kila faili ina neno la kuitofautisha na wenzake. Yapo maneno yaliyokuja na programu, lakini mwenye mkusanyiko anaweza kuandika lake. Akiandika “Lufufu”, basi. Kinachonifurahisha ni kwamba sidhani kama waliolitengeneza jedwali hilo waliwahi kusikia habari za msimulizi wa muvi, na bado amepata kiti.

Tena amepata kiti mahali pake. Watu walikuwa wakiliandika jina la msimulizi kama lebo, na lebo katika Kodi huning’inizwa kwenye filamu. Ukishaziunganisha simulizi mbili, za watu wawili, kuwa filamu moja, lebo zote mbili zinakaa kwenye filamu na hakuna inayokwambia faili hii ni ya nani. Safu ya msimulizi kwenye jedwali la filamu ingeleta tatizo lilelile kwa gharama kubwa zaidi. Msimulizi si sifa ya filamu. Ni sifa ya nakala. Hilo ombi lenyewe halikulisema, ilibidi lichimbuliwe. Faida nyingine ikaja bila kuombwa: matoleo yana orodha yao kwenye maktaba ya filamu, kwa hiyo ukifungua “Lufufu” unaziona kazi zake zote pamoja. Na kwa kuwa kumbukumbu ya ulipoishia kutazama imefungwa kwenye faili, bibi anayeangalia ya Kiswahili hapotezewi mahali pake na mjukuu anayeangalia ya Kiingereza.

Yapo maombi yasiyohitaji jedwali wala msanidi. Filamu za Bongo ziliuzwa kwa muda mrefu zikiwa zimekatwa mbili, sehemu ya kwanza na ya pili, kila moja na diski yake na bei yake (ujanja wa biashara, tuseme ukweli). Kodi huunganisha faili zenye “part1” na “part2” zikawa filamu moja. “Sehemu1” haiijui. Lakini kanuni hiyo ya majina haijafungiwa ndani ya programu. Inaongezwa kwenye faili ya advancedsettings.xml, chini ya moviestacking, kwa mstari mmoja. Au ubadilishe majina ya faili zako, kazi ya jioni moja.

Halafu kanda za nyumbani. Katika nyumba ya Bagamoyo kabati la video halina muvi tu: kuna harusi, kuna maulidi, kuna ngoma zilizopigwa kwenye tamasha la Chuo cha Sanaa, ambacho tangu 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa). Hizi hazimo kwenye hazina yoyote ya filamu mtandaoni, na ukiiachia Kodi itafute, inaweza kuivisha harusi ya dada yako bango la filamu ya Marekani. Dawa yake ipo tayari: folda hiyo iambiwe isome taarifa za hapohapo tu, na kila video iwe na faili yake ndogo ya NFO yenye jina, tarehe na lebo. Tarehe itakuwa ya kalenda ya kizungu, mwaka, mwezi, siku. Familia inayokumbuka kwamba harusi ilikuwa Mfungo Tatu, kwa kalenda ya Kiislamu, itataka mwezi huo uandikwe pia. Hapa ningekataa kumsumbua msanidi. Lebo inatosha, maana Mfungo Tatu wa mwaka ule ni sifa ya tukio lote, haibadiliki kwa kila nakala.

Kilichobaki wazi ni tamthilia. Matoleo ya Kodi 21 ni ya filamu peke yake, vipindi vya mfululizo havimo, na leo tamthilia za Kikorea zilizotafsiriwa ndizo zinazojaza fleshi za watu. Ombi hilo linafaa kupelekwa, na ningeliandika hivi: ninazo faili mbili za kipindi kimoja, zote zinaonekana kama vipindi viwili, nilitarajia kimoja chenye matoleo mawili kama ilivyo kwa filamu. Jina la msimulizi ningeliweka mwishoni kama mfano, baada ya mfano wa sauti ya Kikorea na ya Kiingereza ambao msanidi wa nchi nyingine anaweza kuujaribu kwenye mashine yake.