Karata ya Katikati

Rounders ilitoka 1998, na mimi niliipata miaka mingi baadaye kwenye flashi ya jamaa wa hapa Utange, imejificha katikati ya filamu za ngumi. Nimeitazama mara tatu. Ni filamu nzuri, niseme mapema, manake nitaisema vibaya. Matt Damon ni Mike, mwanafunzi wa sheria New York ambaye usiku anacheza poka. Edward Norton ni Worm, rafiki aliyetoka jela na madeni yake. John Malkovich ni Teddy KGB, Mrusi mwenye klabu ya karata, na lafudhi yake ile ni kichekesho peke yake. (Poka hii si ile yetu ya maskani, ya kumaliza karata mkononi na kupiga kelele "niko kadi!" Hii ni ya dau.)

Shida yangu ni kwamba filamu hii inajua karata mbili tu.

Ya kwanza ni karata kubwa iliyofichwa. Mike anaitazama tena na tena kanda ya fainali ya ubingwa wa dunia wa 1988, Johnny Chan na Erik Seidel, wawili peke yao mezani. Chan ana mkono mkubwa, lakini anacheki. Kucheki hapa si kutazama: ni kupitisha zamu bila kuweka kitu, ukamwachia mwenzako aamue. Seidel anaona unyonge, anasukuma pesa zote, anakwisha. Mwishoni Mike anamfanyia Teddy vivyo hivyo. Ya pili ni karata mbovu iliyovalishwa suti. Mike anasimulia usiku aliokaa meza moja na Chan huyo huyo kule Atlantic City, akampandishia dau na mkononi hana chochote cha maana, na Chan akatupa karata zake.

Mitego na uongo, basi. Raha kweli kutazama. Lakini ukikaa na mtu mmoja mezani, dau likiwa la kiwango kimoja kisichobadilika, swali limebaki moja tu, niweke au nicheki, na mara nyingi mkononi huna mfalme wala takataka. Una kitu cha katikati. Hapo filamu haina la kusema.

Mwenye la kusema alikuwa mwanahisabati, Harold Kuhn, mwaka 1950. Alitengeneza poka ndogo kabisa: karata tatu, mfalme, malkia na ghulamu. (Tatu, ndiyo, lakini si pata potea.) Wachezaji ni wawili, kila mmoja anatanguliza sarafu moja na kupewa karata moja. Anayeanza aweke sarafu ya pili au acheki. Akiweka, mwenzake alipe waonyeshane, au atupe. Akicheki, mwenzake naye ana nafasi ya kuweka au kucheki. Mwenye karata kubwa anachukua. Basi.

Sasa wewe ndiwe unayeanza, umeshika malkia. Ukiweka dau, mwenye ghulamu atatupa, kwa hiyo hukumtoa hata senti ya ziada. Mwenye mfalme atalipa, na umempa sarafu nyingine bure. Wanaokukimbia ni wale uliokuwa unawashinda, wanaobaki ni wale wanaokushinda. Ndiyo maana jibu la Kuhn kwa malkia halina "pengine" ndani yake: cheki, kila mara. Ghulamu ndiye anayeruhusiwa kudanganya, na si zaidi ya mara moja katika tatu. Mfalme anaweka dau mara tatu ya vile ghulamu anavyodanganya, ili mwenzako asijue amuamini nani. Malkia ukishacheki, mwenzako akiweka, kuna mara itabidi ulipe uone, manake huenda yeye ndiye mwenye ghulamu. Tena hata ukifuata yote haya bila kukosea, anayeanza anapoteza kwa wastani sarafu moja kila michezo 18. Kuanza kuongea kuna bei yake.

Poka kamili ya watu wawili yenye dau la kiwango ilichukua muda zaidi. Januari 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza kwamba programu yao, Cepheus, imeukaribia ucheza usio na kosa kiasi kwamba ukicheza nayo umri wako wote hutaweza kuthibitisha kwamba umeizidi. Haisomi macho ya mtu. Haijui Teddy anakulaje biskuti zake.

Turudi kwa filamu. Malkia yumo ndani yake, na ni mtu: anaitwa Joey Knish, John Turturro ndiye anamuigiza. Knish anacheza kwa kodi ya nyumba na chakula cha watoto. Anaweka anapostahili kuweka, anacheki anapostahili kucheki, anaenda zake. Mike anapombanwa na deni anamfuata, Knish anakataa kumpa, na Mike anamtupia maneno kama kwamba mtu huyu ni mwoga. Filamu inakaa upande wa Mike. Pesa zinatoka kwa profesa wake, Mike anashinda, anaacha sheria, anapanda teksi kuelekea Las Vegas. Mimi pia niliacha chuo, kwa sababu ya karo, na sikuona teksi yoyote ikinisubiri. Sisemi filamu iwe ya huzuni. Nasema hesabu ya Knish ilikuwa sahihi, na mwandishi anaijua, lakini hakumpa nafasi kubwa mbele yetu.

Na huku kwetu neno "kubeti" limemeza kila kitu, ndiyo maana nalisumbukia hili. Kijana wa boda anayeweka hamsini kwenye Aviator, ile ndege inayopanda na pesa mpaka ipotee, anajiona ndiye Mike. Upande wa pili hakuna mtu aliyeshika ghulamu, anayeweza kuogopa, kudanganywa au kutupa karata. Huo ni mchezo wa Hermann katika hadithi ya Pushkin ya 1834, anayeweka mali yake yote akiamini ameshika ree, kumbe mkononi ni malkia wa shupaza. Pushkin angalau alimuonyesha malkia. Kwenye simu ya huyo kijana kuna kitufe cha kuweka na cha kutoa, cha kucheki hakuna.

Natamani mtu aniandikie hadithi ya Knish, hata ya kurasa kumi. Saa tisa usiku, wamebaki wawili mezani, karata yake ni ya katikati, na anagonga meza kwa vidole kupitisha zamu. Mwenzake anaweka. Knish anaifikiria kodi, analipa, anaonyeshwa mfalme. Amepoteza kidogo. Anagawiwa tena.