Chuma cha Shambani Upareni: Sumaku Haitoshi

Mashamba ya zamani ya Usangi na Ugweno, Upare wa Kaskazini, hutoa vyuma ambavyo hata wazee hawavitambui. Anayeokota kimoja hukimbilia kukwangua kutu ili aone umbo. Naomba aache. Mahali kilipolala ndipo penye habari zaidi, tena ajihadhari, maana mvua hushusha udongo wa miteremko hii na chuma cha bondeni huenda kimetoka shamba la juu.

Atazame kilichokizunguka. Mavi ya chuma, yaani takataka nzito nyeusi zilizochuruzika na kuganda, pamoja na kewa, yaani midomo ya udongo ya mivuo, zilizoungua ncha hadi kung'aa, huonyesha kwamba chuma kiliyeyushwa hapo. Zikipatikana chembe nyembamba kama magamba, zinazonaswa na sumaku, hapo palikuwa pa kufulia.

Upare wa Kaskazini ulikuwa nchi ya wahunzi. Isaria Kimambo, katika historia ya Wapare aliyoitoa mwaka 1969, aliwaeleza Washana, ukoo wa wahunzi waliotawala Ugweno kabla ya kupinduliwa na Wasuya. Louise Iles na wenzake, waliochapisha utafiti wao mwaka 2018, walichunguza mabaki ya uyeyushaji wa chuma huko. Mali ghafi ilikuwa mchanga mweusi wenye magnetiti.

Mchanga wa namna hiyo kwa kawaida huwa na titani, na hapo ndipo penye ufunguo. Katika tanuri la kienyeji chuma hakikuwa maji. Kilitoka bonge lenye matundu, likafuliwa, na mavi mengine yakabaki ndani yakiwa nyuzi nyembamba. Katika maabara kipande kidogo hukatwa, hung'arishwa na kuwekwa chini ya hadubini. Nyuzi zenye titani zinaelekeza kwa wahunzi wa milimani. Feleji ya kiwandani ni safi zaidi na huwa na manganizi. Majembe mawili yenye umbo moja hutenganishwa hivyo.

Tambarare za Same zina mambo yake. Reli kutoka Tanga ilipita hapo na kufika Moshi mwaka 1911, na mwaka 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yaliteremka yakiifuata. Ganda la risasi kwa kawaida ni la shaba nyeupe, na sumaku hailigusi. Chuma cha mviringo chenye ncha kisiguswe kabisa, huenda ni kombora: polisi waitwe.

Umri ndio mgumu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, lakini kipimo cha kaboni 14 huyumba kwa karne tatu zilizopita, kisiweze kutenganisha jembe la 1800 na la 1880. Kwa hiyo kipimo kisaidiwe na tabaka: mkaa ulionaswa ndani ya mavi ufungwe peke yake bila kuoshwa, na kina cha shimo kiandikwe siku hiyohiyo, pamoja na rangi ya kila tabaka la udongo juu yake.