Siwati: Ukaidi Unalipwa na Nani?

Mkaidi hafaidi hadi siku ya Idi, tuliambiwa tukiwa watoto, na mjadala ukaishia hapo. Nikisoma Sauti ya Dhiki (1973), naona methali hiyo imeruka jambo.

Abdilatif Abdalla alihukumiwa kifungo cha miaka 3 mwaka 1969 kwa sababu ya karatasi yake, Kenya: Twendapi? Mashairi ya diwani hii aliyatunga gerezani, akiyaandika kwenye karatasi za chooni. “Siwati” ni shairi la mtu anayekataa kuacha msimamo wake. Sasa, huo si ukaidi? Kwa serikali ya wakati ule, ulikuwa ukaidi mtupu.

Hebu basi fungua “Mnazi: Vuta N'kuvute” katika diwani hiyo hiyo. Ndugu wawili wanagombania mnazi. Mmoja yuko juu, mwingine chini. Wa juu naye haachi ng'o! Mbona basi mmoja namheshimu na mwingine ananikera? Kwangu mimi, tofauti ni nani anayelipa. Wa juu ya mnazi akishikilia, anayekosa nazi ni nduguye. Mfungwa akishikilia neno lake, anayekaa kifungoni ni yeye mwenyewe.

Mwaka 1974 diwani ilipata Tuzo ya Jomo Kenyatta, jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga mshairi. Eti mkaidi hafaidi? Lakini tuzo ni jambo dogo. Kubwa ni kwamba swali lake, twendapi, bado tunaulizana.