Barua ya Mwanza, Mtambo wa Tanga

Katika machimbo ya dhahabu ya Rwamgasa, Geita, habari ya duara (shimo la kuchimbia) lililotoa mawe mazuri hufika karashani, yanakosagwa, kabla ya mawe yenyewe. Mwanaapolo, yaani mchimbaji, hupanda nayo kutoka shimoni, mama lishe huipokea, na jioni pale mwaloni, dhahabu inakooshwa, imeshaongezewa chumvi. Mhariri hayupo.

Zaidi ya karne moja iliyopita, habari ndogo za namna hiyo zilipata gazeti lake kwa Kiswahili. *Kiongozi* lilianza mwaka 1904 katika shule ya serikali ya Wajerumani mjini Tanga, likitoka mara moja kwa mwezi.

Marekani, wakati huo, wanafunzi wa vyuo vikuu walikuwa wamezoea kuchapa magazeti ya kila siku. *Yale Daily News* lilikuwepo tangu 1878 na *Cornell Daily Sun* tangu 1880. Mwaka 1903 *Harvard Crimson* liliongozwa na kijana Franklin Roosevelt, rais wa baadaye wa nchi hiyo. Katika magazeti hayo msomaji alikuta mazoezi ya timu, vikao vya vyama na ratiba za mihadhara. Chuo kilikuwa mahali pamoja, mwandishi akakizunguka kwa miguu, na maduka ya mjini yakalipia matangazo.

Tanga haikuwa na wepesi huo. Wasomaji wake walitapakaa kuanzia pwani hadi Ziwa, kwa hiyo shule iliwatumia wahitimu wake. Vijana waliosomea Tanga walipelekwa vituoni kuwa walimu, makarani na maakida. Kila mmoja alikuwa na kalamu, mwandiko uliozoeleka shuleni na anwani ya kule alikotoka. Waliandika barua, na gazeti likazipanga kwa majina ya miji: mvua, nzige, simba, bei sokoni, mgeni aliyepita, mtu aliyefariki.

Chukua barua iliyoandikwa Mwanza, mji uliokuwa makao ya wilaya iliyoishika Geita. Reli ya Kati haikufika hata Tabora hadi 1912. Njia nyepesi ilikuwa meli hadi Kisumu, garimoshi la Uganda lililofika hapo mwaka 1901, kisha Mombasa, kisha jahazi au meli hadi Tanga. Yaani habari ya koloni la Wajerumani ilipita kwanza katika ardhi ya Waingereza. Ndiyo maana gazeti la mwezi liliwafaa: habari ya nzige ikichelewa wiki kadhaa bado ilisomeka.

Ikifika, kazi ilihamia mikononi. Wanafunzi wa karakana ya shule waliokota herufi za risasi moja moja, wakazipanga kinyumenyume ili zisomeke sawa karatasini. Hapo lugha yenyewe ilileta matata: seti ya herufi iliyopimwa kwa Kijerumani hujaa *e*, ilhali Kiswahili hula *a* kama moto ulavyo nyasi kavu. Fundi yeyote aliyechapa Kiswahili kwa seti hiyo ilimpasa ahesabu *a* zake kabla hajaanza ukurasa.

Tofauti kubwa na Harvard ilikuwa kwa mhariri. *Crimson* lilikuwa la wanafunzi wenyewe. *Kiongozi* lilihaririwa na walimu wa Kijerumani, na vita vya Majimaji vilipowaka mwaka 1905 lilisimama upande wa serikali. Lakini mvua na bei ya mtama havikumtisha mhariri. Katika habari hizo mwalimu wa bara alipata nafasi ya kusema, na jina lake chini ya barua likajulikana katika miji ambayo hakuwahi kuikanyaga. Asiyejua kusoma alisomewa.

Waingereza walipoiteka Tanga mwaka 1916, mtambo ulinyamaza. Miaka saba baadaye serikali yao ilianzisha *Mambo Leo* mjini Dar es Salaam, nalo likatenga kurasa za habari za miji, zilizoletwa vilevile kwa barua. Mwaka 1928 reli ikafika Mwanza, na bahasha za Mwanza hazikulazimika tena kuzungukia Kisumu.