Uhakiki wa Utabiri wa Nguvu za Kiwiko baada ya Upasuaji wa Kuhamisha Msuli: Mtazamo kutoka Chamazi

Makala haya yanahakiki namna nguvu za kiwiko zinavyotabiriwa baada ya upasuaji wa kuhamisha msuli. Hoja kuu ni kwamba utabiri uliopo hujibu swali la daktari, na kuliacha la mgonjwa.

Mkazi wa Chamazi, wilayani Temeke, aliyeanguka na bodaboda na kuumia neva za bega, huweza kushindwa kukunja kiwiko. Mojawapo ya tiba ni upasuaji aliouasisi Arthur Steindler mwaka 1918, ambapo chanzo cha misuli inayokunja kifundo cha mkono na vidole hupandishwa juu ya kiwiko. Mwaka 2003, Saul na wenzake waliuiga upasuaji huo kwa kompyuta. Ubora wa kazi yao ni kuonesha kwamba mahali msuli unapopachikwa, pamoja na mkao wa kiwiko na kifundo, hubadilisha nguvu zinazopatikana.

Hata hivyo, mkabala huu una udhaifu wa aina mbili. Kwanza, modeli za namna hii hutegemea vipimo vya maiti na vya watu wazima wenye afya, ilhali msuli unaohamishwa huenda nao umedhoofishwa na ajali ileile. Modeli huweza kukadiria wenzo vizuri na bado ikakosea nguvu.

Pili, matokeo ya tiba huripotiwa kwa daraja 0 hadi 5 za Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Daraja la 3 ni kuushinda uzito wa mkono wenyewe, yaani takriban nyutoni-mita 3. Dumu la maji la lita 5, likishikwa sentimita 30 kutoka kiwikoni, hudai takriban nyutoni-mita 15 zaidi. Wagonjwa wawili wa daraja la 4 wanaweza kutofautiana: mmoja akainua dumu, mwingine asiweze.

Kwa hiyo, inapendekezwa nguvu zipimwe kabla na baada ya upasuaji kwa nyutoni-mita, katika pembe bainifu za kiwiko, na utabiri uambatane na kadirio la makosa yake. Mizani ya ndoano, kama ile ya sokoni, na futi ya fundi cherehani vinatosha kuanzia. Bila hayo, mgonjwa hukubali kisu pasipo kujua kama atarudi kazini au ataishia kuufikisha mkono kinywani.